Uwakala, Uwalii na Wasia: Yapasayo Kutengenezwa Kabla Akili Haijaondoka

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa akili na akamkalifisha kwa hiyo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: katika Sura ya An-Nahl, aya ya 70, imetajwa kwamba miongoni mwa watu wako wanaorudishwa kwenye umri ulio dhaifu kabisa, hata wasijue kitu baada ya kuwa walikuwa wakijua. Waislamu huisoma aya hiyo, huwahurumia wazee wao, kisha huifunga misahafu. Ni wachache wanaouliza: huyo aliyekuwa akijua na sasa hajui, nani atamwuzia mahindi yake? Nani atamlipia deni lake? Nani atamjibu tabibu anapouliza kama mguu ukatwe au usikatwe? Sharia haikuyaacha mambo hayo bila ya hukumu, wala serikali haikuyaacha bila ya kanuni. Lakini hukumu zenyewe si zile wanazozidhani watu wengi, na kwa sababu ya dhana hiyo mali za wazee huharibiwa na watoto wema wenye nia safi.

Yaliyomo humu ni kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wanayoyafuata Waislamu walio wengi wa bara na pwani ya Tanzania. Kauli za wengine zimetajwa pale tu zinapofaa.

MFANO WA ZAID NA AMRI

Vitabu vya fiqhi vina dasturi ya kuwataja Zaid na Amri katika mifano, nao watajwe hapa vilevile. Zaid na achukuliwe kuwa ni mkulima wa kijiji kimoja cha Kibondo. Ana shamba la migomba na maharage, na jingine la mihogo. Ana ng'ombe kumi na mmoja, na katika hao watano hawalali zizini kwake, bali wako kwa watu kwa dasturi ya kale ya Buha iitwayo ubugabire, ambayo kwayo mwenye ng'ombe humpa mwenziwe ng'ombe na kukawa na haki na wajibu baina yao. Ana fedha benki, na nyingine katika simu. Mwanawe mkubwa, Bakari, yuko Tanga, mahali ambapo katika siku za ukoloni vijana wengi wa Buha walikwenda kwa mkataba kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Mwanawe wa pili, Amri, yuko nyumbani naye ndiye mkono wa kulia wa baba yake.

Zaid, akiwa mzima, akampa Amri hati ya uwakala mbele ya mashahidi: auze mazao, apokee fedha, asimamie mifugo. Mwaka haukupita, kiharusi kikampiga Zaid shambani. Mwili ukapata nafuu kidogo, akili haikurudi. Amri akaendelea na hati yake. Akauza maharage, akauza ng'ombe wawili, akakodisha shamba la mihogo kwa miaka mitatu, na fedha zote akazitumia kwa matibabu na chakula cha wazazi wake. Hakula hata senti moja. Je, mauzo na ukodishaji huo unasihi?

Jibu: hausihi. Na hapa ndipo wengi wanaposhangaa.

UWAKALA HUFA PAMOJA NA AKILI

Uwakala maana yake ni mtu kumsimamisha mwingine mahali pake katika jambo ambalo yeye mwenyewe anaweza kulitenda. Kivuli hakibaki baada ya mti kuondoka. Ikiwa mwenye mali hawezi tena kuuza kwa nafsi yake, hana cha kumpa mwingine auze kwa niaba yake. Kwa sababu hiyo wanazuoni wa Shafi wamesema kwamba uwakala hubatilika kwa kufa mmoja wa wawili hao au kwa kupata wazimu, na kadhalika kwa kuzimia kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Nao ukibatilika haurudi wenyewe: mgonjwa akizindukana ni lazima aufanye upya. Mahanafi wameshurutisha wazimu uwe ni wa kuendelea, si wa kupita. Lakini katika mfano wa Zaid hilo halimwokoi Amri.

Ajabu ni kwamba sheria ya serikali yasema hivyo hivyo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania ya mwaka 1961, ambayo asili yake ni ile Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 iliyokuwa ikitumika Tanganyika katika zama za Waingereza, imeweka kwamba uwakala hukoma pale mwenye kuwakilisha anapofariki au anapopotewa na akili. Hati yaweza kuwa na mhuri wa kamishna wa viapo na ushuru wa stempu umelipwa, lakini siku ile akili ilipoondoka imekuwa karatasi. Waingereza wenyewe waliliona pengo hilo, wakatunga sheria mwaka 1985, na nyingine mwaka 2005 iliyoanza kutumika 2007, ambazo kwazo mtu wa Uingereza na Wales aweza kuandikisha uwakala wa kudumu usiokufa kwa kupotea akili. Waafrika wa Mashariki wanaokaa huko huitumia njia hiyo. Aliyeko Kibondo asidhani kwamba jamaa yake wa London akimweleza khabari hizo, na huku ni hivyo hivyo.

Upande wa pili uko wasia. Mtu humchagua wasii ili alipe madeni yake, atoe theluthi yake, na aangalie watoto wake wadogo. Lakini wasii hana neno maadamu mwenye kuusia yu hai. Na Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza mirathi ya Kiislamu na ya kimila, humteua msimamizi wa mirathi kwa mtu aliyekufa, si kwa mtu aliye kitandani.

Basi uwakala umekwisha na wasia haujaanza. Baina ya viwili hivyo pana pengo, na mtu aweza kukaa humo siku tatu au miaka kumi.

MTOTO SI WALII WA BABA YAKE

Aliyepotewa na akili huwekewa walii wa kuangalia mali yake. Walii huyo ni nani? Katika madhehebu ya Shafi ni baba yake, kisha babu yake mzaa baba, kisha wasii aliyeachwa na mmoja wao, kisha kadhi. Hata akiwa alibaleghe akiwa mwongofu kisha wazimu ukamjia ukubwani, kauli yenye nguvu ni kwamba uwalii hurudi kwa hao hao waliokuwa mawalii wake utotoni. Na imesemwa pia kwamba ni wa kadhi tangu mwanzo. Mzee wa miaka sabini hana baba wala babu. Kwa kauli zote mbili, basi, jambo lake liko kwa kadhi.

Na aangalie msomaji nani hakutajwa. Mtoto hakutajwa. Ndugu hakutajwa. Mke hakutajwa. Ndugu na mtoto watu wazima wana haki ya kurithi, nayo huja baada ya mauti. Haki ya kurithi haimpi mtu mamlaka juu ya mali ya aliye hai. Kukosea hapa ndiko kunakoleta fitina: Amri aliyeko nyumbani huona yeye ndiye mwenye kauli kwa kuwa ndiye anayemwosha baba, na Bakari aliyeko Tanga huona yeye ndiye kwa kuwa ndiye mkubwa, hali ya kuwa wote wawili hawana hata mmoja aliyepewa na sharia. Kadhi aweza kumsimamisha Amri, au Bakari, au mke wa Zaid, au mtu baki mwaminifu. Nao watakuwa na mamlaka kwa kusimamishwa huko, si kwa kuzaliwa.

Na kwa Tanzania bara suala lingine linafuata: kadhi huyo yuko wapi? Zanzibar ina mahakama za makadhi, na Kenya inazo kwa Katiba yake ya 2010. Tanganyika mahakama za maliwali na makadhi ziliondolewa kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963. Makadhi walioko chini ya BAKWATA husuluhisha na kushauri, na shauri lao lina uzito kwa muumini, lakini karatasi yao haifungui hesabu ya benki. Kwa serikali, mlango ni Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, ambayo kwayo mahakama huweza kumteua mtu wa kusimamia mali ya aliyepotewa na akili baada ya ushahidi wa tabibu. Kuliendea jambo hilo mahakamani hakuvunji dini ya mtu. Ni njia ya kuilinda mali ya asiyeweza kujilinda, ikiwa aliyeteuliwa ataitumia kwa mpango wa sharia.

Lakini mahakama ina safari na siku, na mgonjwa ana njaa leo. Wanazuoni wa Shafi hawakuisahau hali hiyo. Wamesema kwamba pakikosekana kadhi, basi mambo ya asiye na walii huwa juu ya watu wema wa mji wake. Hukumu hii inafaa sana kwa vijiji vya Kibondo na Kasulu. Watu watatu au wanne waadilifu wa msikiti, na awemo jirani asiye na tamaa ya urithi, wakae. Waandike mali ya mgonjwa yote. Wamwambie mmoja wao, au Amri mwenyewe, afanye lililo lazima: dawa, chakula cha mgonjwa na mkewe na anaowalazimika, palizi ya shamba lisife. Kila senti iandikwe. Na huku wakifanya hayo, wapeleke ombi mahakamani. Lakini ukodishaji wa miaka mitatu si jambo la njaa ya leo.

Ama simu, balaa lake ni kubwa kwa kuwa ni jepesi. Mtoto aijuaye namba ya siri ya baba yake huona amepewa ruhusa. Huenda alipewa alipokuwa baba mzima, na ruhusa hiyo ni uwakala, na uwakala umekwisha kuelezwa hukumu yake. Akitoa kwa ajili ya dawa na chakula kwa kujua wale watu wema, yuko katika hifadhi. Akitoa kwa ajili ya kulipia pikipiki yake na huku akisema baba hatakataa, amechukua mali ya mtu pasipo ridhaa, kwa kuwa baba hana ridhaa tena ya kutoa.

WALII AWE NAMNA GANI

Sura ya An-Nisaa, aya ya 5 na ya 6, ndiyo asili ya mlango huu: wasiojua kuendesha mali wasiachiwe, bali walishwe na kuvishwa kwayo na waambiwe maneno mema, msimamizi tajiri ajizuie, na masikini ale kwa kadiri ya uadilifu, na mali inaporudishwa washuhudishwe mashahidi. Maneno mema hayo yamewekwa katika aya pamoja na chakula na nguo. Asiyejua kitu bado husikia sauti ya ukali.

Walii haimfalii kuuza ardhi ya mgonjwa illa kwa haja, au kwa faida iliyo wazi kabisa. Hatoi sadaka ya hiari katika mali hiyo, wala hakopeshi jamaa zake. Msimamizi aliyewekwa na kadhi hajiuzii mwenyewe, hata kwa bei nzuri. Kujiuzia kwa pande mbili ni kwa baba na babu peke yao. Na zaka haiondoki: kwa Shafi, mali ya aliyepotewa na akili hutolewa zaka na walii wake, ijapokuwa mwenyewe sala na saumu zimemwondokea. Ng'ombe kumi na mmoja wa Zaid hawafikii nisabu, kwani nisabu ya ng'ombe wa malishoni ni thelathini. Lakini kiko kijiji ambacho mzee mmoja ana zaidi ya hao, na hakuna aliyeuliza.

Ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, huweza kuandikwa hakimiliki ya kimila kwa jina la mume na mke pamoja. Ikiandikwa hivyo mapema, upande wa mke hauingii katika tatizo la mume. Na nyumba ya ndoa, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, haiuzwi pasipo idhini ya mwenzi.

SI KILA DHAIFU NI MWENDAWAZIMU

Hapa pana dhuluma ya upande wa pili, nayo haisemwi sana. Mzee akisahau jina la mjukuu, watoto humnyang'anya ufunguo. Akiuza mbuzi kwa bei ya chini, husema amerukwa.

Wakati wa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwako sahaba aitwaye Habban bin Munqidh, na wengine wamesema ni Munqidh baba yake. Alipata jeraha la kichwa, akili na ulimi vikadhoofika, akawa akidanganywa sokoni. Jamaa zake wakamwendea Mtume wakaomba azuiliwe asifanye biashara. Yeye akasema hawezi kuiacha biashara. Mtume hakumfungia. Alimfundisha kusema, kila anapofanya biashara, kwamba pasiwe na hadaa, na akampa hiari ya siku tatu ya kukirudisha kitu akijuta. Yaani alimwachia mali yake, akamwekea ukuta wa kumkinga.

Na aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inayohusu kuandikiana deni, imetaja mdaiwa aliye mpumbavu au dhaifu au asiyeweza kuandikisha mwenyewe, kwamba walii wake amwandikishie kwa uadilifu. Wafasiri wamewatenganisha watu hao, na kila mmoja ana hali yake. Aliyepooza ulimi na akili yake ni nzima huashiria au huandika, na ishara yake inayofahamika ni kama maneno. Huyo hana walii na wala hahitaji. Anahitaji mtu mwenye subira ya kumwelewa. Mwenye kuzimia kwa siku mbili kwa homa kali ya malaria hungojewa. Mwenye akili inayokuja na kwenda, anayoyatenda wakati wa uzima wake yanasihi, na ni vizuri tabibu au mashahidi waandike siku hiyo kwamba walimwona mzima.

ZAWADI ZA MGONJWA

Akili ikiwako lakini maradhi ni yale yanayoogopewa kifo, nayo yakaishia katika kifo, mgonjwa huyo anayo hukumu nyingine. Zawadi zake na sadaka zake hazipiti theluthi ya mali illa warithi waridhie, na kumzawadia mrithi mmoja hungojea ridhaa ya waliobaki. Asili yake ni khabari mashuhuri ya Saad bin Abi Waqqas, aliyeugua Makka na akataka kutoa theluthi mbili, kisha nusu; Mtume akamrudisha kwenye theluthi, na hiyo akaiita nyingi, kwa kuwa kuwaacha warithi na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyoshea watu mikono.

Lakini lipo jambo lisilojulikana sana, nalo ndilo linaloleta kesi nyingi za ng'ombe. Zawadi haimilikiwi kwa maneno. Humilikiwa kwa kukabidhiwa. Abu Bakr alimpa binti yake bibi Aisha tende za wasaki ishirini katika shamba lake, lakini hazikuvunwa wala kukabidhiwa hata maradhi yake ya mwisho yakamfika. Akamwita, akamweleza kwamba lau angalikuwa amekwisha kuzichukua zingekuwa zake. Lakini siku ile zimekuwa mali ya warithi, wagawane kwa hukumu ya Mwenyezi Mungu. Alikuwa ni khalifa, na binti ni mama wa waumini, na neno la zawadi lilikuwa limekwisha kusemwa. Basi mzee wa Kibondo aliyesema mbele ya watu kwamba ng'ombe mwekundu ni wa fulani, na ng'ombe akabaki zizini kwake akikamuliwa kwa ajili yake, hakutoa kitu. Anayetaka kumpa mtoto wake kitu na atoe akiwa mzima, akabidhi, na awe mwadilifu baina ya watoto.

Kukiri deni ni mlango mwingine. Mgonjwa mwenye akili akikiri kwamba anadaiwa na mtu baki, ukiri wake hukubaliwa, na deni hutangulia wasia na urithi. Ndiyo maana daftari ya madeni ina thamani kuliko daftari ya mali. Mali huonekana, na watu huigombania yenyewe. Deni halionekani, na akili ikiondoka huondoka nalo. Ng'ombe wa ubugabire ni namna hiyo hiyo kwa pande zote mbili: walioko kwa wengine hupotea, na walioko zizini kwa Zaid ambao si wake huliwa na warithi wakidhani ni halali yao.

Na hili ni zito zaidi kwa waliofukuzwa na vita. Katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa watu wa Kongo, na ya Nduta wilayani Kibondo, iliyofunguliwa tena mwaka 2015 kwa watu wa Burundi, wamepita Waislamu walioacha nyumba, amana na madeni ng'ambo ya mpaka. Khabari za mali hizo zimo kichwani mwa mtu mmoja tu.

TIBA YA ASIYEWEZA KUSEMA

Mgonjwa wa Kibondo akizidiwa hupelekwa Maweni, Kigoma, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa njia ya kupitia Kasulu, au hupelekwa Bugando, Mwanza. Anayefuatana naye huwa ni yule aliyekuwa karibu siku hiyo. Huyo ndiye tabibu atakayemwuliza.

Katika maradhi yake ya mwisho Mtume aliashiria kwamba asimiminiwe dawa kinywani. Waliokuwa wakimwuguza wakasema ni kawaida ya mgonjwa kuchukia dawa, wakammiminia. Alipopata nafuu aliwalaumu, akaamuru kila aliyekuwa nyumbani amiminiwe dawa ile ile mbele ya macho yake, illa ami yake Abbas, kwa kuwa hakuwako walipofanya. Khabari hii imo katika Bukhari kwa bibi Aisha. Mafunzo yake yako wazi: ishara ya mgonjwa mwenye akili haitupwi kwa kisingizio kwamba wagonjwa wote ndivyo walivyo.

Wanazuoni wa Shafi wamesema kujitibu ni sunna. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa lilipokutana Jiddah mwezi wa Mei 1992 lilifafanua zaidi: tiba huwa wajibu ikiwa kuiacha kutaleta kifo au kupotea kiungo, au maradhi yenyewe huambukiza wengine, mgonjwa mwenye akili timamu hatibiwi pasipo idhini yake, na aliyepotewa nayo, idhini ni ya walii wake kwa mpango wa uwalii wa sharia, lakini walii akikataa jambo ambalo kulikataa ni madhara dhahiri kwa mgonjwa, kukataa kwake hakuzingatiwi. Kwa hivyo jamaa hana haki ya kuzuia damu au upasuaji kwa kuona gharama, akiacha mtu afe ambaye angeweza kupona. Na baraza hilo hilo lilikwisha kukata shauri Amman mwezi wa Oktoba 1986 kwamba, ikiwa matabibu wajuzi wamehakikisha ubongo wote umekufa usiorudi, inafaa kuondoa mashine za kupumulisha.

Tabibu hawezi kujua mgonjwa alipenda nini, wala kwamba mama huyu angetaka kuvuliwa na kuoshwa na muuguzi wa kike inapowezekana. Hayo husemwa mapema.

NAMNA YA KUANDIKA

Mtume amehimiza kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili illa wasia wake umeandikwa kwake. Hati moja haiwezi kufanya kazi zote, lakini mtu aweza kukaa siku moja akayaandika yote kwa milango yake, namna hii:

"Mimi fulani bin fulani, mkazi wa kijiji fulani, nikiwa na akili timamu na bila ya kulazimishwa, nakiri kwamba nadaiwa na fulani kiasi kadha, nami namdai fulani kiasi kadha, na kwamba vitu na ng'ombe hawa walio kwangu ni amana za fulani, na hawa walio kwa fulani ni wangu. Namwakilisha fulani auze mazao yangu na kupokea fedha zangu, wala hana ruhusa ya kuuza ardhi. Akili yangu ikiondoka, ombi langu kwa mahakama, na kwa watu wema wa msikiti mpaka mahakama itakapoamua, ni fulani asimamie mali yangu, na fulani awe mwangalizi juu yake, na hesabu isomwe mbele ya watoto wangu wote kila baada ya mavuno. Katika tiba, fulani ndiye aulizwe kwanza, na ninayoyapenda ni haya. Nikifa, wasii wangu ni fulani. Alipe madeni yangu kwanza, na theluthi yangu itumike hivi."

Ombi hilo halimfungi hakimu, kwa kuwa uwalii si wa mgonjwa kuugawa. Lakini hakimu akiona jina lililoandikwa na mwenyewe alipokuwa mzima, mbele ya mashahidi wawili waadilifu, ana sababu ya kulifuata, na Bakari ana sababu ya kunyamaza. Wasia katika hati hiyo usiwe kwa mrithi, kwani haupiti pasipo ridhaa ya wengine.

Katika kumchagua wasii wa watoto wadogo, wengi humwacha mke wakamchagua ndugu. Vitabu vya Shafi vimesema kinyume: mama wa watoto, akiwa ametimiza sharti za uaminifu na uwezo, ni bora kuliko mwingine. Kwa nafsi yake hana uwalii juu ya mali yao. Anaupata kwa kuusiwa. Kumtaja ni neno moja tu la kuandika, na kutomtaja kumewafanya wajane wengi waombe kwa shemeji nauli ya kumpeleka mtoto hospitali. Babu mzaa baba akiwa hai na anafaa, yeye hutangulia, wala hawekewi wasii juu yake kwa watoto hao.

Mashahidi wawe wawili, kama ilivyotajwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 106, wala wasiwe warithi. Sehemu ya uwakala iandikwe katika karatasi yake peke yake mbele ya kamishna wa viapo, maana benki huitaka hivyo. Wasia huweza kuwekwa RITA, ambayo hupokea na kuhifadhi wasia za watu. Nakala moja ikae nyumbani na moja kwa imamu. Kila nakala iandikwe tarehe. Mwenye kuusia ana haki ya kuugeuza wasia wake maadamu ana akili, na akiugeuza, zile za kwanza azikusanye zote azichane, kwani wasia wa zamani uliosahauliwa katika sanduku la msikiti umewahi kuleta ugomvi mkubwa kuliko kutokuwapo wasia kabisa.

Wallahu aalam.